Ufunguo wa Tatu

Walipokuja na vizibao vya rangi ya chungwa
waliniuliza nakula mara ngapi kwa siku.
Nikasema: siku ipi?
Kijana akacheka, akaandika moja.
Akahesabu kuku wangu, watatu;
wa nne alikwenda kutaga kwa jirani,
hakuingia kwenye hesabu za taifa.
Akabandika karatasi mlangoni: KAYA NAMBA 47.
Mvua ya Machi ikaifuta saba,
nikabaki na nne,
nikajiona nimepanda daraja.

Wakaondoka. Kibao chao kingalipo barabarani Simbo,
mbuzi wanajikunia mgongo.
Kilichobaki ni sanduku la bati, la kijani,
kufuli tatu, funguo tatu,
na funguo hazilali nyumba moja.
Wa kwanza anao Skolastika, mkamua mawese wa bondeni.
Wa pili anao Mama Ntahondi.
Wa tatu ninao mimi.
Sanduku lenyewe hulala kwa Bi Zenabu,
ambaye hana ufunguo wowote,
ana usingizi mwepesi.

Wangu naufunga pindoni mwa kanga.
Gwasa, mume wangu, aliuomba mara moja tu,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.
Nikamuuliza: na hizo kufuli mbili utazifungua kwa meno?
Tangu hapo hulitazama pindo langu
kama watu watazamavyo mlango wa ofisi.

Tunakaa Jumatano, saa tisa, nyuma ya ghala.
Hisa moja elfu mbili.
Anayechelewa: mia tano.
Anayeongea na simu: mia tano.
Anayemteta asiyekuwepo —
hiyo tuliiondoa, tungefilisika wote.
Mwaka wa kwanza nilitia dole gumba.
Wa pili nikaandika Yudita;
herufi ya mwisho ikaanguka nje ya mstari,
tukaiacha hukohuko.

Usiku ule wa Februari Edisa alipiga hodi,
mtoto mgongoni, wa moto kama figa.
Maweni ni mbali, na bodaboda anataka chake kwanza.
Tukamwamsha Bi Zenabu. Sanduku likawekwa sakafuni.
Skolastika akafungua yake: tak.
Nikafungua yangu: tak.
Ya katikati ikakaa kimya.
Mama Ntahondi alikuwa Kasulu, matangani,
na ufunguo wake ulikuwa Kasulu.

Mle ndani mlikuwa na laki nane na elfu arobaini.
Najua, nilizihesabu.
Nyuma ya mlango palikuwa na nyundo.
Sote tuliiona.
Sitasema uongo: mkono wangu ulikwenda.
Ni Edisa aliyesema, msivunje.
Mtoto anatetemeka, yeye anasema msivunje,
kesho kila mwenye shida atakuja na nyundo yake.

Basi Bi Zenabu akafungua kilemba, mlikuwa na elfu tatu.
Skolastika akaleta dumu la mawese, lita tano,
lile la kulipia ada.
Mimi nikaenda bandani kupapasa gizani,
nikamkamata yule wa nne, asiyehesabiwa.
Bodaboda akatazama dumu, akatazama kuku,
akachukua kuku.
Akamning'iniza kwenye usukani, wakashuka mlima,
mama, mtoto, na kuku akilalamika
mpaka sauti ikamezwa na kona.

Jumatano iliyofuata Edisa alifika saa tisa na dakika kumi,
mtoto mgongoni anatafuna ncha ya kanga.
Mweka hazina akainamia daftari,
hakuna aliyejua aseme nini.
Edisa akaweka mia tano mezani kabla hajaulizwa,
akatafuta pa kukaa.

Mwaka huu vizibao vimerudi, sasa ni vya bluu.
Kijana mwingine, kalamu ileile.
Anauliza: je, umaskini umepungua?
Nikamwambia ahesabu kuku.
Akapata watano, akafurahi, akaandika.
Hakuuliza habari za aliyepanda pikipiki.

Kufuli yangu siku hizi inakwama.
Kabla ya kikao nauchovya ufunguo kwenye mawese,
nauzungusha taratibu,
na vidole vinabaki vyekundu mpaka usiku.